Klachi Ndiyo Inayochagua Oili

Pikipiki iliyobeba abiria na mkungu wa ndizi, ikipanda kutoka Mombo kwenda Soni kona baada ya kona, haichukui muda kuonyesha kama oili iliyomo ndani yake inaifaa. Dereva anaongeza resi, injini inalia juu, lakini mwendo hauongezeki. Anashusha gia, inashika kidogo. Anapandisha tena, inalia tena. Fundi atasema klachi inateleza, na kwa kawaida dawa yake ni kununua pleti mpya. Zinafungwa, wiki kadhaa zinapita, tatizo linarudi, kwa sababu oili iliyoziua pleti za kwanza ndiyo hiyo hiyo iliyomiminwa juu ya hizi mpya.

Tatizo hili lilishatafutiwa ufumbuzi. Watengenezaji wa pikipiki wa Japani walilikalia na mwaka 1998 wakatoa kiwango ambacho alama yake inachapishwa kwenye chupa ya oili, mara nyingi upande wa nyuma, kwa maandishi madogo. Chupa zenye alama hiyo zipo kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Kampala. Wanaoitafuta kabla ya kulipa ni wachache, na hasara inamwangukia kijana mwenye pikipiki ya mkataba, ambaye siku ikilala kwa fundi hesabu ya bosi bado inamsubiri. Ndiyo maana naona inafaa kueleza alama hiyo ilipatikanaje na inapima nini hasa.

Tuanze na tofauti ya gari na pikipiki. Kwenye gari la kawaida la gia za mkono, oili ya injini inahudumia injini peke yake. Giaboksi ina oili yake, na klachi ni kavu. Tone la oili likiifikia klachi hiyo, ni hitilafu ya kutengenezwa. Pikipiki nyingi za gia zimeundwa vingine. Injini, giaboksi na klachi vimo ndani ya ganda moja na vinaoga oili moja. Oili hiyo, ambayo kwa pikipiki ndogo ni karibu lita moja tu, inalainisha pistoni na krenki, inasagwa na meno ya gia, kisha inapita katikati ya pleti za klachi ambazo kazi yake ni kushikana. Inatakiwa iondoe msuguano sehemu moja na iuache sehemu nyingine, na sehemu zote mbili ziko karibu sana, moja na nyingine.

Ukifungua kifuniko cha klachi, ambacho kwa pikipiki nyingi ndogo kiko upande wa kulia wa injini, utaona kikombe cha chuma chenye pleti zilizopangwa kwa kupishana. Moja ina vipande vya kahawia vilivyogandishwa kwenye uso wake, inayofuata ni chuma kitupu, kisha ya kahawia tena, mpaka mwisho. Springi zinazikandamiza zote. Dereva akiminya klachi mkononi springi zinalegezwa na pleti zinaachana. Akiachia, zinabanwa kuwa kitu kimoja na nguvu ya injini inakwenda kwenye gia, mnyororo na tairi. Pleti nzima ya kahawia ina uso mkavu usiong'aa, na mifereji myembamba ya kupitishia oili. Pleti iliyoteleza kwa muda mrefu imekuwa ngumu na inang'aa, ile ya chuma iliyo jirani yake imegeuka bluu kwa joto, na harufu ya kuungua haitoki hata ukizifuta kwa petroli. Zikifikia hapo, kubadilisha oili peke yake hakuziokoi.

Mhandisi aliyeunda klachi hiyo alipiga hesabu: idadi ya pleti, nguvu ya springi, na kiasi cha msuguano uliopo kati ya pleti zikiwa zimelowa oili. Msuguano ukishuka, springi hazina njia ya kuufidia. Pikipiki ndogo ina pleti chache, na akiba iliyobaki kwenye hesabu hiyo huliwa na mzigo. Ndiyo maana oili isiyofaa inaweza kukaa miezi bila kujulikana kwa mtu anayeendesha peke yake mjini kwenye tambarare, ikajulikana siku ya kwanza ya kupiga mshikaki, yaani kubeba abiria zaidi ya mmoja, kwenye mlima.

Sasa, oili ya gari ilibadilika lini na kwa nini? Kwa miaka mingi mwenye pikipiki alimimina oili ile ile ya gari na mambo yakaenda. Kisha ikaja mishtuko ya bei ya mafuta ya miaka ya 1970. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria iliyowabana watengenezaji wa magari juu ya wastani wa ulaji wa mafuta, na kila njia ya kuokoa petroli ikawa na thamani, pamoja na oili yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wa magari wa Marekani na wa Japani walikaa kwenye kamati moja, ILSAC, wakaandika viwango vya oili vinavyodai kwamba oili ionyeshe kwa kipimo kuwa inapunguza ulaji wa mafuta. Viwanda vya oili viliitikia kwa kuifanya iwe nyepesi zaidi na kwa kuongeza kemikali za kupunguza msuguano, baadhi zikiwa na molibdenamu ndani yake. Kemikali hizi hujishikiza kwenye uso wa chuma na kuutandika utando mwembamba unaoteleza. Kwa injini ya gari ni faida tupu. Kwa pleti ya chuma ya klachi iliyoloweshwa humo ni maangamizi, maana utando huo huo unajitandika na hapo.

Kulikuwa na badiliko jingine lililopita kimya zaidi. Fosforasi iliyomo kwenye kemikali ya kuzuia chuma kisilane huharibu taratibu kichujio cha kemikali kilicho kwenye bomba la moshi la gari. Kwa hiyo kadiri viwango vya gari vilivyosonga mbele, hasa kwa oili nyepesi, kiasi cha fosforasi kinachoruhusiwa kilipunguzwa. Herufi za API, taasisi ya mafuta ya Marekani, unazoziona kwenye chupa zinafuata safari hiyo: SG ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, SJ mwaka 1996, SL mwaka 2001, SN mwaka 2010, SP mwaka 2020. Muuzaji atakwambia herufi ya mwisho ndiyo bora kwa kila chombo. Kwa gari la kisasa la petroli ana hoja. Kwa pikipiki ya giaboksi iliyomo ndani ya injini, herufi hizo haziwezi kujibu swali la klachi, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya vipimo vyake kinachoigusa klachi ya kulowa.

Hapo ndipo Wajapani walipoingia, na hawakuwa watu wa pembeni. Honda na Suzuki zinatengeneza magari na pikipiki pia. Oili nyepesi waliyoihitaji kwa magari yao ilikuwa inatishia pikipiki zao. Wangeweza kila mmoja kutangaza oili yake na kumfunga mteja kwenye chupa ya kampuni. Badala yake waliipitishia kazi hiyo JASO, shirika la viwango vya magari la Japani, na kutoka huko kikapatikana kiwango T903 cha oili za pikipiki za mipigo minne, pamoja na kipimo cha klachi kinachokwenda nacho, T904. Kiwanda chochote duniani kinaweza kupima oili yake kwa vipimo hivyo.

Kipimo chenyewe nakipenda kwa uwazi wake. Wanachukua pleti halisi za klachi, wanazifunga kwenye mashine, wanazimiminia oili inayopimwa, kisha wanazungusha gurudumu zito na kulisimamisha kwa pleti hizo, mara nyingi mfululizo. Wanaangalia mambo matatu: pleti zinashika kwa nguvu gani wakati zinasuguana, zinashika kwa nguvu gani zikiwa tayari zimebanana kabla hazijaanza kuteleza, na gurudumu linachukua muda gani kusimama. Matokeo yanalinganishwa na oili mbili za rejea, moja inayojulikana kuwa na msuguano mkubwa na nyingine mdogo. Oili ikifika kiwango kwa mambo yote matatu inapewa MA. Hata moja likishuka chini ya mpaka, ni MB.

Mwaka 2006 kundi la MA liligawanywa ndani. Oili ambayo matokeo yake yote matatu yako sehemu ya juu ya kundi inaitwa MA2, iliyo sehemu ya chini yote inaitwa MA1, na iliyochanganyika inabaki MA. Wengi wanaisoma MA2 kama toleo jipya lililoipiku MA, jinsi simu inavyopitwa na toleo linalofuata. Sivyo. MA2 inakwambia klachi inashika zaidi. Haikwambii injini inalindwa zaidi. Kwa pikipiki inayobeba mizigo na kupanda milima ningechagua MA2 nikiipata kwa bei inayofanana. Kijitabu kikisema MA, na chupa ni MA, hakuna sababu ya kusumbuka. MB nayo si oili mbovu. Imekusudiwa skuta za mkanda na vyombo vingine ambavyo klachi yake haiogi oili ya injini, na humo inaokoa mafuta. Ukiimimina kwenye pikipiki ya gia kwa sababu tu ina neno JASO, umerudi kule kule.

T903 haiishii kwenye klachi. Inadai oili iwe kwanza imefikia daraja linalotambulika la API au la viwango vingine vinavyolingana nalo. Inaweka fosforasi kati ya asilimia 0.08 na 0.12, yaani kuna kiwango cha chini cha kulinda meno ya gia na kemshafti, si cha juu tu cha kulinda bomba la moshi. Na inaangalia jinsi oili inavyostahimili kusagwa. Hilo la mwisho linahusu gia moja kwa moja, na linatuleta kwenye namba ambazo kila mtu anazitazama kwanza.

20W-50, 10W-30, 15W-40. Namba ya nyuma ni uzito wa oili ikiwa moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Oili ya 30 inakuwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo cha mnato, ya 40 kati ya 12.5 na 16.3, ya 50 kati ya 16.3 na 21.9. Namba ya mbele, yenye W, inahusu baridi, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wetu hawalisemi: oili ya 20W inapimwa kwa kuwashia injini kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Makete na Njombe kuna baridi kali asubuhi za Juni na Julai, lakini si ya namna hiyo. Kwa pikipiki ya Afrika Mashariki, kulipa zaidi ili upate 5W badala ya 20W kwa hofu ya baridi ni kununua kinga ya ugonjwa ambao haupo kwetu.

Halafu kuna meno ya gia. Ili oili ya kawaida iwe nyepesi kwenye baridi na bado ibaki nzito kwenye joto, kiwanda huongeza polima, minyororo mirefu ya kemikali inayoinyanyua oili isilegee ikipata moto. Pengo kati ya namba ya mbele na ya nyuma likiwa kubwa, polima huwa nyingi. Meno ya gia yanapokutana yanaikata minyororo hiyo, na oili inalegea kabla ya muda wake. Giaboksi ya gari haigusi oili ya injini, kwa hiyo shida hii haiijui. JASO inaruhusu oili ya 50 ishuke baada ya kusagwa hadi 15.0, ya 40 hadi 12.0, na ya 30 hadi 9.0, chini ya hapo inafeli. Dereva anayesema pikipiki yake gia zimeanza kuwa ngumu kuingia na injini inapiga kelele kuliko wiki ya kwanza baada ya kumwaga oili, sikio lake halimdanganyi. Anasikia oili iliyosagwa.

Kwa hiyo ni uzito gani? Ule ulioandikwa kwenye kijitabu cha pikipiki yako, na hapa sioni nafasi ya mjadala mrefu. Bajaj huandika 20W-50 kwa Boxer, injini inayopozwa na hewa tu, inayopata moto sana kwenye foleni na jua la saa nane. Honda kwa pikipiki zake nyingi ndogo imekuwa ikitaka 10W-30, na huzipimia njia zake za oili na pampu yake kwa uzito huo. Imani kwamba oili nzito ndiyo nzuri imeua injini nyingi zilizoundwa kwa oili nyepesi, kwa sababu oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kemshafti asubuhi injini inapowashwa, na muda huo mfupi unajirudia kila siku. Injini iliyochoka inayotoa moshi wa bluu ni jambo lingine. Oili nzito itapunguza moshi na kelele kwa muda, lakini ringi zilizolika hazirudi, na dereva aelewe kwamba amenunua muda wa kutafuta hela za kufungua injini.

Oili ya namba 40 isiyo na W, inayopimwa kutoka kwenye pipa, bado inauzwa kwa bei ya kuvutia. Mara nyingi haina kemikali za kupunguza msuguano, na ndiyo sababu klachi inaivumilia. Hapo ndipo ubishi wa vijiweni unapozaliwa: mmoja anasema ametumia oili ya gari au ya lori miaka mingi na klachi haijateleza, mwingine anaapa ilimteketezea pleti ndani ya mwezi. Wote wawili wanasema kweli. Oili nyingi nzito za magari na malori hazina zile kemikali, na baadhi ya oili za malori zina hata alama ya JASO MA. Nyingine zinazo. Kwa macho, kwa harufu au kwa kidole huwezi kuzitofautisha, na kwenye pipa hakuna lebo ya kusoma. Alama ya JASO inakuondolea kubahatisha, na naiona ina thamani kuliko jina kubwa la kampuni mbele ya chupa.

Namna ya kuisoma chupa, basi. Tafuta kisanduku kidogo chenye namba ya usajili juu, MA au MA2 ndani yake, na jina la kampuni inayojidhamini kwa ubora huo. JASO haipimi kila oili yenyewe. Kampuni inapima, inawasilisha, inasajiliwa, na inabeba dhamana. Chupa inayosema tu kwamba oili inakidhi JASO MA, bila kisanduku wala namba, imekupa ahadi, na uzito wa ahadi hiyo unategemea nani ameitoa. Kisha angalia duara la API. Chini yake kukiwa na maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving", hiyo imetengenezwa kuteleza. Iache kwenye rafu. Iache pia yenye alama ya nyota ya mviringo iliyoandikwa "For Gasoline Engines", ambayo ni alama ya ILSAC. Neno sintetiki halina ubaya wowote kwa klachi. Oili ya sintetiki yenye MA2 inashika sawa na ya kawaida yenye MA2, na inastahimili joto zaidi. Kinachoteleza ni zile kemikali, si asili ya oili. Kwa sababu hiyo hiyo, zile chupa ndogo za dawa ya kuongeza kwenye oili ili injini iwe laini zisikaribie pikipiki yenye klachi ya kulowa.

Hakikisha muhuri wa mfuniko haujaguswa, na ukishamimina, itoboe chupa kabla ya kuitupa. Chupa nzima ya jina zuri inatafutwa na wanaojaza oili chafu iliyochujwa na kuiuza tena, na fundi asiyetaka utoboe chupa uliyoilipia ana maelezo ya kutoa.

Kuhusu lini umwage, umbali wa kwenye kijitabu ni wa mtu wa matumizi ya kawaida. Bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 kwa mwezi, nyingi zikiwa za kusimama na kuondoka, vumbi na mzigo, na oili yake ni lita moja. Ikipungua robo lita, robo ya kinga yote imeondoka, na hakuna taa kwenye pikipiki nyingi hizi ya kumwonya. Kupima kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa mahali tambarare, kunaokoa injini kuliko oili ya bei mbaya isiyopimwa. Weusi usikutishe, oili nzuri huwa nyeusi kwa sababu imebeba masizi. Cha kutisha ni oili yenye rangi ya maziwa, maana maji yameingia, pengine siku uliyovuka mafuriko, au oili inayonuka petroli na kuzidi kipimo, maana kabureta inavujia ndani. Hizo hazisubiri kilomita, zinamwagwa siku hiyo hiyo na chanzo kinatafutwa.

Na ukikwama mahali ambapo duka lina oili za gari tu, chukua yenye 40 au 50 nyuma, isiyo na maneno ya kuokoa mafuta wala nyota, kwa sababu kemikali za kupunguza msuguano huwekwa zaidi kwenye oili za 30 kushuka chini. Jaza mpaka kwenye alama, endesha taratibu bila mshikaki wala kulazimisha gia ya juu mlimani, na ukifika penye MA imwage yote ikiwa bado ya moto ili isibaki ndani ya kikombe cha klachi.